Mzigo Ufike Salama: Juu ya Uchukuzi wa Korosho na Uradhi wa Wateja

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya wajumbe na wageni katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme maneno machache juu ya uchukuzi wa korosho zetu, tangu zitokapo katika mizani ya kijiji hata zinapokabidhiwa kwa mnunuzi. Wenzetu waliotutangulia kusema wamekwisha kuisimulia historia ya miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wakawataja waasisi na kuwashukuru, nasi hatuna haja ya kuirudia. Jambo letu ni dogo kwa sura, lakini ndani yake mna shauri litakaloletwa mbele ya Mkutano Mkuu ujao, nalo lataka mlitafakari kabla ya kuinua mikono. Shauri lenyewe ni hili: kwamba tangu msimu ujao kazi ya kuchukua korosho kutoka vijijini apewe yule atakayetaja bei ndogo kuliko wote, bila ya kutazamwa jambo jingine lolote. Wanaolileta wana nia njema. Makato ya uchukuzi huonekana katika hati ya malipo ya kila mkulima, nayo humwuma. Sisi tutasema kwa nini twaona kwamba shauri hilo, likipita kama lilivyo, litamgharimu mkulima zaidi ya hicho kidogo linachomwokolea.

Kwanza tukubaliane juu ya neno mteja. Mwanachama mmoja alituuliza, wala hakuuliza kwa mzaha: sisi wakulima ndio wenye Chama, tutakuwaje wateja wa kitu chetu wenyewe? Twamjibu hivi. Mwenye duka akijinunulia sukari dukani mwake, sukari hiyo hupimwa vile vile. Mkulima ni mwenye Chama siku ya mkutano apigapo kura. Lakini siku aletapo korosho mizanini yeye ni mteja, na pale ana haki zote za mteja. Mteja wa pili ni mnunuzi aliyeshinda mnadani, ambaye hulipa kwanza kisha hungoja mzigo. Katikati ya hao wawili yumo mchukuzi, ambaye hakuchaguliwa na yeyote kati yao. Chama ndicho kilichomchagua. Lori lake lisipofika, jina linalotajwa barazani si lake, ni la Chama.

Sisi watu wa kusini tuna sababu ya kuyajua mambo ya uchukuzi kuliko wengi. Wazee wetu waliuona ule mpango mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Ilijengwa bandari yenye kina pale Mtwara, na reli ikatandikwa kwenda Nachingwea, mabehewa yakaletwa, wahandisi wakaajiriwa. Kila kitu cha uchukuzi kilikuwapo ila mzigo. Karanga hazikupatikana kama ilivyotazamiwa, na reli ile baadaye iling'olewa. Bandari imebaki, nayo leo yatufaa kwa korosho, zao ambalo wale wakubwa hawakulijia. Tena hatujasahau msimu wa mwaka 2018, ambapo wakulima walikataa bei za mnadani, na mwezi wa Novemba serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya Jeshi yakatumwa kuzichukua. Siku zile watu waliokuwa wakibishana juu ya bei walianza kubishana juu ya malori. Bei ilikuwa imekwisha kutangazwa. Lililobaki ni nani atafika kijijini kwetu, na lini.

Basi, je, mtu aweza kuupima utumishi wa uchukuzi kama apimavyo korosho? Zamani wenye kazi hiyo walijipima wenyewe. Walihesabu safari zilizofika kwa wakati, wakahesabu magunia yaliyopasuka, wakaandika taarifa, na taarifa ikasema kazi ni njema. Aliyepokea mzigo hakuulizwa. Katika miaka ya 1980 wataalamu watatu waliokuwa Marekani, A. Parasuraman, Valarie Zeithaml na Leonard Berry, waliigeuza kazi hiyo. Mwaka 1985 walitoa andiko lao baada ya kuwahoji wakubwa na wateja wa makampuni ya namna nne: ya benki, ya kadi za mikopo, ya udalali wa hisa, na ya kutengeneza vyombo vilivyoharibika. Walisema kwamba ubora wa utumishi ni umbali uliopo kati ya kile alichotazamia mteja na kile alichokiona kwa macho yake. Mwaka 1988 wakatoa kipimo chenye maneno 22, yaliyowekwa chini ya vichwa vitano: vitu vinavyoonekana, uaminifu wa kutimiza ahadi, wepesi wa kusaidia, ujuzi na adabu ziletazo imani, na moyo wa kumjali kila mteja peke yake.

Kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya kazi kama za benki, ambako mteja yuko mbele ya karani. Uchukuzi ni jambo jingine, kwa maana mteja yuko mbali, na mtumishi yu njiani na lori. Kwa hiyo John Mentzer wa Chuo Kikuu cha Tennessee na wenzake waliifanya kazi hiyo upya. Andiko lao la kwanza lilitoka mwaka 1999, na lililo maarufu zaidi lilitoka mwaka 2001, ambalo Mentzer aliliandika pamoja na Daniel Flint na Tomas Hult. Hawakwenda kwa wauza vitambaa wawili watatu. Walikwenda kwa wateja wa idara kubwa inayoyapelekea majeshi ya Marekani vifaa, tangu nguo hata vyombo vya umeme. Wakapata mambo tisa ambayo mpokea mzigo huyatazama. Nayo ni tabia na ujuzi wa watu anaoonana nao, kupatikana kwa kiasi alichotaka, habari anazopewa, wepesi wa taratibu za kuagiza, usahihi wa mzigo uliofika, hali yake, kwamba haukuharibika njiani, ubora wa vitu vyenyewe, namna inavyotengenezwa kasoro ikitokea, na wakati.

Jambo la kutazamwa sana katika kazi yao ni kwamba mambo hayo tisa hayakai kama magunia yaliyopangwa sambamba. Hufuatana, moja likilisukuma jingine. Habari na taratibu na watu huja mbele. Hali ya mzigo na wakati huja nyuma. Uradhi huzaliwa mwishoni. Tena waliona kwamba wateja wa namna mbalimbali hawayapi mambo hayo uzito ulio sawa. Huyu hujali zaidi wakati, yule hujali zaidi namna anavyojibiwa. Sisi twaona kwamba hapo ndipo lilipo fundisho kwa Chama chetu, maana tumezoea kusema "mkulima anataka bei", kana kwamba mkulima ni mtu mmoja mwenye shamba moja karibu na lami.

Na tuchukue mfano ulio karibu. Mnajua nyote juu ya kangomba, biashara ambayo serikali imeipiga marufuku, ya kununua korosho za mkulima kwa vipimo visivyo halali na kwa bei ya chini. Kila mwaka twaambiana barazani kwamba mkulima anayewauzia watu wa kangomba ni mjinga au ni msaliti. Tumpime mtu wa kangomba kwa mambo yale tisa. Huja mlangoni pa mkulima mwenyewe, tena jioni, wakati mkulima yuko nyumbani. Humwita kwa jina, humwuliza hali ya mtoto mgonjwa. Taratibu zake hazina karatasi. Huchukua kiasi chochote, hata debe moja. Hulipa papo hapo. Katika wakati, katika taratibu, katika kiasi na katika kuonana na watu, atushinda. Sisi twamshinda katika bei na katika uhalali wa mizani, na ushindi huo ni mkubwa. Lakini mwenye mtoto anayesubiri ada ya shule siku ya Jumatatu haoni ushindi huo mpaka Ijumaa ya wiki ya tatu. Hatusemi haya ili kuisifu kangomba. Twasema kwamba mpinzani wetu hatashindwa kwa kutukanwa, na kwamba kila siku ambayo lori lachelewa ni siku ambayo yeye anaifanyia kazi.

Katika msimu mmoja wa karibuni, mvua za kwanza ziliyakuta magunia bado yamo katika ghala la kijiji kimoja cha ng'ambo ya mto. Mchukuzi, ambaye hatutamtaja, alikuwa amelipeleka lori lake kwenye kazi nyingine iliyomlipa zaidi, na siku tisa zikapita. Bibi mmoja alipanda pikipiki akaja mpaka ofisini. Karani akadhani amekuja kugombana juu ya malipo, akaanza kumweleza habari za mnada. Bibi akamkatiza: "Wanangu, bei nimeisikia redioni. Nimekuja kuuliza magunia yangu mawili yamelala wapi." Tulipiga simu kijijini, tukapata namba ya rundo, tukamwambia kwamba yako juu ya chaga, hayajaguswa na maji, na kwamba lori jingine litafika kesho kutwa. Aliondoka akishukuru. Magunia yalikuwa hayajasogea hata hatua moja, wala hakuna shilingi aliyopewa. Alipewa habari. Wale wataalamu wa Tennessee wangelisema kwamba bibi yule alikuwa akiupima ubora wa habari. Sisi twasema kwamba hakuna mtu apendaye kuota usiku mali yake imelowa.

Sasa tuje kwenye uzito, ambao ndio chanzo cha ugomvi kuliko mambo mengine yote. Mkulima hupimiwa kijijini, mzigo hupimwa tena kwenye ghala kuu, na mara nyingi mizani ya pili husoma chini ya ile ya kwanza. Kijijini husemwa: wameiba njiani. Mchukuzi husema: ni unyaufu. Wote wawili waweza kuwa wakweli, na waweza wote kuwa waongo, kwa hiyo hesabu ni afadhali kuliko kelele. Kilo 100 za korosho zenye maji 12 kwa 100 zina kitu kikavu kilo 88. Zikianikwa au zikikaa mpaka maji yabaki 9 kwa 100, zile kilo 88 za kitu kikavu hubaki vile vile, lakini uzito wote huwa kilo 96.7. Katika lori la tani 10 hizo ni kilo 330 zilizokwenda hewani, wala hakuna mwizi aliyezigusa. Lakini maji hayo hayatoki kwa saa sita za safari. Korosho zilizokauka vizuri kijijini, zikapakiwa asubuhi na kufika jioni, haziwezi kupungua kiasi hicho, na mchukuzi anayetaja unyaufu kwa safari ya siku moja anatufanya watoto. Kwa hiyo kipimo cha maji kinatakiwa katika mizani zote mbili. Uzito bila ya kipimo cha maji ni ushahidi nusu.

Hapa ndipo linapoingia lile jambo la nane la wataalamu, namna inavyotengenezwa kasoro. Watu wengi huwaza kwamba mteja aliyepatwa na kasoro amekwisha kupotea. Si hivyo. Mkulima aliyeambiwa ndani ya wiki moja, "uzito wako ulipungua kilo nne, mbili ni maji na mbili zilimwagika gunia lilipopasuka, nazo atalipa mchukuzi", huyo hana chuki. Mwenye chuki ni yule aliyekatwa kilo moja tu na hakuambiwa kitu mpaka siku ya malipo, tena akaambiwa na jirani.

Tumseme kidogo na mnunuzi, maana yeye hana wa kumtetea katika mkutano huu. Mnunuzi hununua kiini, si ganda. Hupewa kipimo cha paundi za kiini kizuri katika gunia la kilo 80. Ikiwa katika kilo moja ya mfano zilipatikana gramu 280 za kiini kifaacho, gunia zima litatoa kilo 22.4, yaani paundi 49 na kidogo. Kwa kipimo hicho hutaja bei yake. Korosho hizo zikilala juu ya sakafu ya udongo, au zikipanda lori lisilo na turubai, ukungu huingia na kiini hubadilika rangi, na kipimo kilichoandikwa siku ya kwanza huwa si kweli tena siku ya kupakia. Kisha kuna safari ya bahari. Korosho ghafi nyingi za nchi yetu huenda India na Vietnam zikiwa ndani ya makontena. Joto la mchana hutoa unyevu katika magunia, na usiku unyevu huo hugandamana juu ya bati na kudondoka kama mvua. Mzigo uliotoka kwetu ukiwa na maji mengi huharibika mbele ya macho ya mtu asiyetujua. Mnunuzi aliyefanyiwa hivyo hatuandikii barua. Mwaka wa pili hupunguza shilingi chache katika bei anayoandika kwa ajili ya ghala letu, akiuweka ulinzi wake ndani ya bei, nasi hatutajua kwa nini mnada wetu ulikuwa chini ya ule wa majirani. Kwa hiyo wateja wetu wawili wamefungwa kamba moja: lori baya humwumiza mnunuzi mwaka huu na mkulima mwaka ujao.

Turudi kwenye lile shauri la bei ndogo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mchukuzi wa bei ndogo atuokolea shilingi 5 katika kila kilo. Kwa lori la tani 10 ni shilingi 50,000. Tuseme tena kwamba katika safari hiyo magunia mawili ya kilo 80 yalilowa kwa sababu hakuwa na turubai, na kwamba bei ya korosho siku hiyo ni shilingi 2,000 kwa kilo. Zimepotea shilingi 320,000. Yaani ili tufidie safari moja ya namna hiyo, yatupasa kuwa na safari zaidi ya sita zisizo na dosari. Anayesema kwamba hatari hiyo ni ndogo na atuonyeshe daftari. Na anayesema kwamba ni kubwa, tukiwamo sisi, yampasa vile vile. Ndiyo sababu twataka kupima kabla ya kuamua, na kuamua kwa hesabu.

Kuuliza watu nako kuna adabu yake. Ukienda kijijini ukamwuliza mzee, "Je, umeridhika na utumishi wa Chama?", atakuambia, "Tunashukuru, tumeridhika," kwa kuwa alilelewa vizuri na wewe ni mgeni wake. Jibu hilo ni heshima, si habari. Mwulize badala yake: tangu ulipopimiwa mpaka korosho zikaondoka kijijini, zilipita siku ngapi? Ulipewa stakabadhi siku ile ile? Lori lilikuwa na turubai? Uzito ulipopungua, nani alikueleza, na baada ya siku ngapi? Hayo atayajibu bila ya kuona haya, maana hayamlazimu kumlaumu mtu.

Tena asiulize karani aliyepima. Na aulizwe pia yule ambaye safari hii hakuleta korosho zake kwetu. Tukiwauliza waliohudhuria mkutano peke yao, tutakuwa kama mtu anayewauliza abiria waliomo ndani ya basi kama basi liliwaacha.

Wataalamu wenyewe walibishana juu ya namna ya kuuliza, nao ubishi wao watufaa. Watu wa 1988 walitaka kila jambo liulizwe mara mbili, kwanza matazamio kisha yaliyotokea, ndiyo kusema majibu 44. Mwaka 1992 Joseph Cronin na Steven Taylor wakasema kwamba yatosha kuuliza yaliyotokea peke yake, 22 tu. Sisi twaelekea upande wa hao wawili, si kwa elimu nyingi, bali kwa kuwa tunawajua wakulima wetu mwezi wa Oktoba. Mtu mwenye korosho chini ya mikorosho hatakaa kujibu maswali 44. Twadhani hata 22 ni mengi, kumi yatatosha.

Jambo jingine ni wastani, ambao hupenda kudanganya. Tuwe na vijiji kumi. Tisa vilipata lori baada ya siku mbili, na kimoja, kile cha ng'ambo ya mto, baada ya siku 20. Wastani wake ni siku 3.8. Taarifa ya mwaka itasema kwamba malori hufika katika muda usiotimia siku nne, na wajumbe watapiga makofi, na mjumbe wa kijiji kile cha kumi atanyamaza akidhani ni yeye peke yake mwenye bahati mbaya. Kwa hiyo twaomba kila kijiji kiandikwe peke yake.

Kuna Mjapani, Noriaki Kano, ambaye mwaka 1984 yeye na wenzake walionyesha kwamba yapo mambo yasiyomfurahisha mteja yakiwapo, ila humkasirisha yakikosekana. Na yapo mengine ambayo hakuyatazamia, lakini yakiwapo humfurahisha sana. Mizani ya haki ni ya namna ya kwanza. Hakuna mkulima aliyewahi kutuletea kuku kwa sababu mizani ilisoma sawa. Ujumbe wa simu wa kumjulisha kwamba mzigo wake umepokelewa ghala kuu, na uzito wake, huo kwa sasa ni wa namna ya pili. Twaonya tu kwamba baada ya misimu michache nao utahamia upande wa kwanza: watu watauzoea, na siku usipofika watakasirika. Mwenye kuuanzisha na ajue hawezi kuuacha.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya makampuni makubwa ya ng'ambo, na kwamba ushirika wetu unaishi kwa umoja, hauishi kwa vipimo. Tungependa iwe hivyo. Lakini historia ya ushirika katika nchi yetu haikubaliani nao. Chama Kikuu cha Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1933, na baada yake vyama vikaenea nchi nzima. Hata hivyo mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza ushirika kwa sababu ya malalamiko ya wanachama, na mwaka 1976 vyama vikuu vikafutwa, kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya kuvirudisha ilipitishwa mwaka 1982. Hata mfumo wa stakabadhi ghalani tunaoutumia, ambao sheria yake ni ya mwaka 2005 na ambao ulianza katika korosho za Mtwara msimu wa 2007/2008, ulipokewa na wengine kwa kelele na ghasia. Watu hawakuchukia karatasi. Walichukia kungoja bila ya kujua wanangoja nini.

Basi, kwa idhini ya Halmashauri, twaleta marekebisho ya lile shauri. Bei ya mchukuzi itazamwe, tena itazamwe kwa ukali, lakini isiwe peke yake. Kabla ya msimu apewe orodha ya siku za kila kijiji, naye aitie sahihi; asiye na turubai asifunguliwe hata bahasha yake. Mzigo upimwe mara tatu, mizanini pa kijiji, wakati wa kupakia, na ghala kuu, na kila mara kipimo cha maji kiandikwe kando ya uzito, na utingo, karani na mwakilishi wa wakulima watie sahihi zao katika kitabu kimoja kinachosafiri na mzigo. Tofauti yoyote ipewe jibu la maandishi katika muda wa siku saba, na jibu libandikwe kwenye mlango wa ghala la kijiji. Sehemu ya malipo ya mchukuzi ishikwe hata vitabu vifungwe. Tunajua kwamba masharti haya yatapandisha bei ya baadhi ya wachukuzi, na pengine wengine watajitoa kabisa. Kwa vijiji vya ng'ambo ya mto hilo ni jambo la kuogopwa, kwa kuwa huko wachukuzi ni wachache. Kwa hiyo twapendekeza vijiji hivyo vitengwe, viwe na mkataba wao wenyewe na bei yao wenyewe, na gharama igawanywe na Chama kizima. Wajumbe wa vijiji vya lami watanung'unika. Na wanung'unike, kisha wapige kura.

Maswali kumi yataanza kuulizwa mwezi wa Oktoba katika vyama sita vya msingi vitakavyochaguliwa kwa kura ya bahati, na waulizaji watakuwa vijana waliomaliza sekondari, kila mmoja akipelekwa kijiji kisicho chake. Majibu yatasomwa yote mbele ya Mkutano Mkuu kwa majina ya vijiji, bila ya majina ya watu, kabla ya kura ya uchukuzi kupigwa. Karatasi za maswali ziko mezani kwa karani, karibu na mlango. Kila mjumbe achukue moja akaisome na watu wake, na akiona swali linalomfanya mtu ajibu kwa haya badala ya kweli, alifute kwa kalamu na kuturudishia karatasi hiyo kabla ya mwisho wa Agosti.